Usanifu wa taarifa ni kazi, nao watu wa masjala wanaijua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya kazi ambayo hapa Tabora inafanyika kila siku bila cheo, bila mtaala na bila kutajwa kwenye matangazo ya ajira. Ni kazi ya usanifu wa taarifa. Vijana wetu wanaohitimu wanashauriwa wajifunze kuandika programu au kuchora nembo na kurasa za kupendeza, na ushauri huo sina ugomvi nao. Ila kati ya anayeandika programu na anayepamba ukurasa anatakiwa awepo mtu wa tatu. Huyo hajaajiriwa, na pengo lake mwananchi analilipia kwa muda na nauli.

Msanifu wa taarifa ndiye anayeamua mambo yaliyopo yagawanywe katika makundi gani, kila kundi liitweje, mtu apitie wapi kulifikia, na akiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia aletewe nini. Mambo hayo manne yaliwekwa pamoja na Louis Rosenfeld na Peter Morville wa Marekani katika kitabu chao cha mwaka 1998, na wote wawili walisomea ukutubi katika Chuo Kikuu cha Michigan. Kabla yao, mwaka 1976, Richard Saul Wurman aliongoza mkutano wa kitaifa wa wasanifu majengo wa Marekani uliofanyika Philadelphia, akaupa mada hiyohiyo ya usanifu wa taarifa. Yeye mwenyewe alikuwa msanifu majengo. Kwa hiyo kazi hii imezaliwa na wasanifu majengo pamoja na wakutubi. Kompyuta ilikuja kuikuza tu. Nalisisitiza hili kwa sababu maofisini kwetu, kitu chochote kikishaonekana kwenye skrini kinasukumiwa afisa TEHAMA, ambaye tayari ana mtandao wa kuutengeneza, printa zilizokwama na mifumo ya malipo ya kuisimamia.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mzee mmoja mfugaji nyuki kutoka Sikonge alitaka kujua vibali vinavyohitajika ili asafirishe asali yake kwenda Dar es Salaam. Kijana wa pale akafungua tovuti ya halmashauri moja, sitaitaja. Juu kulikuwa na Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi, Machapisho, Kituo cha Habari. Wakaingia Huduma Zetu. Wakakuta elimu, afya, maji, kilimo. Wakarudi, wakaingia Utawala, wakashuka hadi kwenye idara. Mzee akaulizwa, "Baba, nyuki wako idara gani?" Atajuaje? Fursa za Uwekezaji palikuwa na picha nzuri ya mizinga na sifa za asali ya Tabora, basi. Karatasi yenyewe ilikuja kupatikana ndani ya Machapisho, imepigwa picha kwa mashine na kuhifadhiwa kwa jina la "scan" na tarakimu kadhaa mbele yake.

Programu ya tovuti ile ilifanya kazi bila kasoro, rangi zilipendeza, na karatasi ilikuwemo. Hata menyu kufanana kati ya halmashauri na halmashauri ni jambo jema, maana anayehama Kaliua kwenda Kasulu hapotei. Tatizo lilikuwa mpangilio. Tovuti ilipangwa kwa kufuata muundo wa ofisi, wakati mzee alikuja na haja yake. Na wale wanaosema siku hizi mtu anatafuta tu kwa simu na jibu linakuja, nawaomba wafikirie karatasi ile. Ni picha isiyo na kichwa, na jina lake halina asali wala kibali. Mtambo wa kutafuta utaishika wapi?

Hapa ndipo elimu ya wakutubi inapoingia. Mwaka 1876 Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa namba unaotumika mpaka leo kwenye maktaba, ambao kila kitabu hukipatia mahali pamoja kwenye rafu. Mwaka 1933 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha mfumo mwingine. Alisema jambo moja lina sura kadhaa: linahusu kitu gani, shughuli gani, mahali gani, wakati gani. Kibali cha asali ni mambo ya nyuki, ni biashara, ni usafirishaji. Kwenye rafu huwezi kukiweka mara tatu, ila kwenye tovuti inawezekana kabisa, mtu akakifikia kutoka upande wowote aliotokea. Lakini lazima awepo mtu wa kukaa chini na kuziona sura hizo kabla ukurasa haujatengenezwa.

Watu wa namna hiyo tunao. Nimefanya kazi masjala miaka mingi, najua tunavyolelewa. Barua ikiingia, swali la kwanza ni jalada gani, na kama inagusa majalada mawili unaandika rejea ili atakayefungua la pili aelekezwe kwenye la kwanza. Tunajua pia hatari ya jalada linaloitwa "Mengineyo." Kila barua iliyomshinda mtu kuipangia inatupwa humo, linanenepa mpaka linafungwa kwa kamba, na barua ikiingia humo, kuipata tena ni kubahatisha. Nimeona tovuti zenye sehemu ya "Zaidi" au "Nyaraka Mbalimbali," nikalitambua jalada lilelile.

Wako pia waliopanga menyu za simu zetu. Ujumbe mmoja wa menyu ya nyota na reli hauzidi herufi 182, na ukichelewa kuchagua unakatwa. Hakuna picha wala rangi ya kujifichia. Aliyeamua namba 1 iwe nini, na kipi kiwekwe ndani ya kipi, ndiye aliyefanya usanifu wa taarifa, hata kama mkataba wake ulisema kitu kingine.

Njia za kazi hii hazihitaji fedha nyingi. Mojawapo ni ya vikadi: unakata manila, kila kipande unaandika huduma moja, halafu unawapa wananchi mmoja mmoja wavipange kwa makundi wanayoona yanafaa na kuyapa majina wenyewe. Wewe unanyamaza na kuandika. Utashangaa cheti cha kuzaliwa kikiwekwa pamoja na kliniki na uandikishaji wa darasa la kwanza, kwa sababu kwa mzazi vyote hivyo ni mambo ya mtoto. Ofisini vinatawanyika kwa wakubwa tofauti. Zoezi hilo unaweza kulifanya chini ya mwembe wowote wa mjini hapa, na ningependa kuona linafanyika kabla ya kutangaza zabuni, siyo baada ya tovuti kuzinduliwa.

Sisemi tuanze na chama. Wenzetu nje walianzisha taasisi yao ya kimataifa ya wasanifu wa taarifa mwaka 2002, wakabishana sana mipaka ya kazi yao inaanzia wapi na kuishia wapi, na mwaka 2019 taasisi ikafungwa. Wengi waliokuwa wakiitwa kwa jina hilo sasa wana vyeo vingine. Kazi yenyewe haikupungua hata kidogo, kwa kuwa nyaraka zinazidi kuongezeka. Maoni yangu ni kwamba kazi hii itambulishwe kwa swali inalolijibu: je, mtu aliyekuja na haja yake amekipata alichokifuata, na amejua yuko wapi? Mwenye wajibu wa kujibu swali hilo ndiye msanifu wa taarifa, awe ametokea masjala, maktaba au chumba cha kompyuta.

Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu hapahapa mjini. Naomba wakuu wake wafikirie kuweka somo hili katika mafunzo hayo, na wanafunzi wafanyie mazoezi kwenye tovuti halisi za halmashauri za mkoa huu. Wakurugenzi nao, tovuti inapofanyiwa ukarabati, wamkalishe mtunza kumbukumbu mezani tangu kikao cha kwanza pamoja na afisa TEHAMA, na jina lake liandikwe kwenye hadidu za rejea kama mhusika wa mpangilio.

Mtunza kumbukumbu,
Tabora