Ni hopsi au ni kilevi? Kuhusu hiyo bia ya nyumbani inayowalaza

Wateja wakishapika IPA yao ya kwanza (bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) wanarudi dukani na swali lilelile, mbona bia za kununua nakunywa mbili na stori zinaendelea, hii ya kwangu glasi mbili tu nasinzia kwenye kochi, hizo hopsi mlizoniuzia zina nini?

Hopsi ina sifa ya usingizi kweli, hatukatai. Ni ukoo mmoja na bangi (msianze, haileweshi hivyo), Ujerumani inauzwa famasi kama chai ya kulalia, na Uingereza zamani watu walikuwa wanaijaza kwenye mito yao. Ila kwenye bia ni habari nyingine, ukichemsha saa nzima mafuta yake mengi yanaondoka na mvuke na nyingine inabaki kwenye machicha chini ya sufuria. Halafu busaa je? Haina hopsi hata punje na watu wanalala palepale kwenye benchi.

Sisi tunashuku kilevi kwanza. Ya kwako umepima? Tuseme haidromita (kile kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyomo) ilisoma 1.065 kabla ya kutia hamira na mwisho ikasoma 1.012, toa, zidisha kwa 131, hiyo ni karibu asilimia 7, sasa glasi zako mbili za nusu lita zina kilevi kuzidi chupa nne za mililita 330 za asilimia 5, usisinzie kwa nini?

Na hapa hopsi inaingia kwa mlango wa nyuma, maana ukitia nyingi mbichi mwishoni ili inukie, vimeng'enya vyake vinavunja sukari ambayo hamira ilishaiacha, hamira inaamka upya na kilevi kinapanda bila wewe kujua, ukiwahi kujaza chupa ndo zile zinapasuka usiku. Kwa hiyo pima tena siku kadhaa baada ya kutia hopsi, namba isiposhuka ndo ujaze.

Bado una wasiwasi na hopsi? Loweka kidogo kwenye maji ya moto unywe jioni bila bia, uone (kama unatumia dawa za usingizi, usijaribu hii). Haidromita tunazo, na sampuli tunapima bure, ila njoo na namba ya mwanzo, bila hiyo hatuna cha kukwambia.