Risala ya Kikundi cha Wazee kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, Wilaya ya Hai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa umri, wengi wetu hapa tungesubiri shikamoo yako. Kwa cheo chako, tumesimama. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2011 na wanachama 9. Leo tuko 47, ukiacha waliotangulia mbele ya haki. Mafanikio ni makubwa: viti 30 vya plastiki (24 bado vizima), miparachichi, na kila Jumamosi tunatembea hadi mtoni na kurudi, kisha tunacheza bao. Kwenye bao kijiji jirani hakijawahi kutufunga, ingawa wao wanasimulia vingine.

Changamoto ni nyingi, ila leo tumekuja na moja. Presha.

Mheshimiwa, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Inafika huko kwa vijishipa vyembamba kuliko uzi. Presha ikikaa juu miaka na miaka bila mwenyewe kujua, vijishipa hivyo hukakamaa na vingine huziba. Mtu anaangushwa na kiharusi, au anaanza kusahau kidogo kidogo. Mwaka 2024, jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kusahau, presha ikiwemo, likasema vikidhibitiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepuka au wangechelewa kuugua. Na presha hiyo huanza kudhuru mapema, kwa hiyo mashine za kupimia presha tunazoziomba leo ni za watoto wetu pia. Hapahapa Hai, utafiti wa vijijini ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alipotea akitoka mgombani kwake mwenyewe. Ndugu wakasema karogwa, mbuzi wawili wakaenda kwa mganga. Alipokuja kupimwa, presha ilikuwa 210 kwa 120.

Zahanati yetu ina mashine moja. Mkanda wake umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukipimwa mara mbili unapewa majibu ya watu wawili. Dirisha la wazee lipo, na bango la kutupa kipaumbele lipo. Mzee anatangulizwa kweli, ili awe wa kwanza kuambiwa dawa zimeisha.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mashine tatu ndani ya wiki mbili, tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Wa mwaka jana alisema suala liko kwenye mchakato. Hatumlaumu mtu. Tunasahau mengi siku hizi, ila hayo mawili tunayakumbuka vizuri.

Tunaomba mashine mbili nzima, na dawa za presha zisizokatika walau miezi mitatu mfululizo.

Mtori uko tayari. Kabla ya kula, mweka hazina atakuletea kitabu cha wageni. Safari hii tumechora safu mbili zaidi: ya ahadi na ya tarehe. Peni ina wino, tumeijaribu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi