Shoga, upatu wa mwezi huu nitachelewa

Kwako Zuhura,

Salamu sana, shoga yangu, kwako na kwa Bi Mkubwa na wote wa Barabara ya 12. Mimi sijambo, ni baridi tu ya Nairobi. Najua nimekaa kimya tangu Idi na umeshanuna. Nuna kidogo kisha nisikilize, maana nina shida.

Hela ya upatu mwezi huu nitachelewa. Usimwambie Mama Shufaa bado.

Iko hivi. Jumanne usiku nimeacha maharage jikoni, nikashuka duka la chini kununua tui la pakiti (ndiyo, la pakiti, usinicheke). Narudi, natia ufunguo, nazungusha, kipande kimoja kinabaki mkononi na kingine ndani ya kitasa. Keateka, msimamizi wa jengo, hapokei simu. Mlinzi akanionyesha namba iliyobandikwa ukutani kwenye ngazi: fundi wa vitasa, saa 24.

Zuhura, sauti yake ilivyokuwa ya upole! Uko ndani au nje, mama? Kuna mtoto ndani? Kuna kitu motoni? Mlango mwingine upo? Nikajibu yote, hata maharage nikayataja, nikijisemea huyu kijana ana utu, anauliza usalama wangu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu! Mwisho akauliza, “Wewe ni wa Tanzania, eh? Kiswahili chenu kitamu.” Nadhani utamu huo peke yake nimeulipia elfu mbili.

Bei aliyonitajia kwenye simu ilikuwa 1,500, kuja na kufungua. Akafika na boda. Hata kukimulika kitasa hakukimulika, akatoa drili akaanza kutoboa. Silinda, ule moyo wa kitasa unapoingia ufunguo, ikishaharibika, mlango haujafunguka na harufu ya kuungua imejaa korido nzima, ndipo akasimama kunisomea bei upya. Ile 1,500 ni ya kufungua. Kutoboa ni kando, silinda mpya kando, kazi ya usiku kando. Jumla 14,500. Zidisha kwa 20 uone ni ngapi za kwetu, halafu ukae chini.

Ungekuwa wewe ungemtoa jasho, nakujua. Mimi nilimwambia, “Kaka, mbona hatukuelewana hivyo?” Akaanza kukunja waya wa drili taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda zake. Nikatuma M-Pesa. Jina lililokuja kwenye ujumbe si lile alilonitajia mlangoni. Naomba risiti, ananijibu, “Si hiyo hapo kwenye simu, mama?”

Maharage yalikuwa mkaa. Sufuria ile uliyonipa kwenye harusi nayo imekwenda, tusiizungumze.

Kesho yake nikapita kwa mzee anayechonga funguo kandokando ya barabara, karibu na stendi. Akacheka kwanza. Kipande cha ufunguo, anasema, kinatolewa kwa mafuta kidogo ya cherehani na koleo jembamba, na drili ni ya mwisho kabisa, mengine yote yakishindikana. Silinda kama ile kwake ni 1,200. Hapo ndipo nilipolia, si usiku ule. Hela inauma, lakini naweza kuelewa mtu kudai zaidi kwa kutoka usiku. Angesema 5,000 tangu kwenye simu ningelipa na kumshukuru. Ila kuniharibia mlango kwanza ndipo bei itajwe! Na yale maswali yake, kila nikiyakumbuka…

Nilijaribu kuirudisha ile pesa kwa M-Pesa, nikaambiwa huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, mimi sikukosea. Binti wa jirani anasoma sheria, akanichangamsha: kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hata Katiba yao, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu huduma anayonunua. Kuna na mahakama ya madai madogo, wameifungua Milimani, hapa Nairobi, 2021, madai yasizidi shilingi milioni moja na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Nikafurahi, nikavaa na ushungi mzuri kabisa. Akaniuliza, “Anayedaiwa anaitwa nani, anakaa wapi?” Nikavua ushungi. Namba yenyewe sasa haipatikani, na ukutani pale kuna karatasi mpya yenye namba nyingine. Nimeibandua. Mlinzi hanitazami usoni, nami nina mawazo yangu juu ya hilo, ila sina ushahidi.

Sasa niambie. Zamu yangu ya kupokea si mwezi wa tisa? Unaweza kunibadilishia na mwenzetu Tatu, anipishe nilipe mwezi ujao mara mbili? Au Mama Shufaa atataka faini hata nikimwomba mwenyewe? Yule shemeji yako aliyekuwa akifanya kazi Eastleigh bado yupo, na hana fundi anayemfahamu kwa jina na sura? Mguu wa Bi Mkubwa unaendeleaje? Na ni kweli Salma anaolewa, au ni maneno ya sokoni tu?

Nijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo mnakusanya na sitaki jina langu lisomwe mbele za watu.

Wako,
Rehema