Asali kwenye mguu wa mama

Tabora

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikitoka zamu ya usiku, nikaona hili si la kujibu kwa maneno mawili ya simu. Unasema mama ameamua kidonda cha mguu wake kitatibiwa kwa asali tu, habari ya hospitali hataki kuisikia, na nyumba imegawanyika: hawa wanasema anapaka uchafu, wale wanasema asali haishindwi na kitu. Umeniuliza nani mkweli.

Asali ni dawa ya kidonda, somo. Naanza na hilo ili mama asidhani nimekaa chini kuandika barua ya kumdharau. Aliikuta kwa wazazi wake, imetajwa katika Sura ya An-Nahl aya ya 69, na Wamisri wa kale waliiandika katika maagizo yao ya kufunga majeraha zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Nguvu yake inaeleweka pia. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, maji yake ni machache, kwa hiyo hufyonza maji popote yalipo, hata ndani ya bakteria, nao wanakauka. Ina tindikali wasiyoipenda. Juu ya hayo nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali ikikutana na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi. Ni ile ile dawa ya povu tuliyokuwa tukimiminiwa magotini shuleni, ila hapa inatoka kidogo kidogo, kwa kiwango kisichounguza nyama mpya. Ndiyo maana asali iliyochemshwa haifai kwa kazi hii, moto unakiharibu kimeng'enya. Na ile ya barabarani iliyoongezwa maji ya sukari usiisogeze kabisa kwenye kidonda cha mtu.

Sasa nikueleze jambo ambalo nimelifikiria sana tangu nisikie sauti yako. Mwaka 1988 daktari wa upasuaji wa Calabar, Nigeria, aitwaye Efem, alichapisha habari za wagonjwa 59 aliowawekea asali mbichi. Wengi wao walikuwa wameshatibiwa kwa dawa za kawaida bila kupona. Wagonjwa 58 walipata nafuu kubwa, vidonda vilivyokuwa na vijidudu vikawa safi ndani ya wiki moja, nyama iliyooza ikabanduka na nyekundu ikaota. Watu wakiisimulia habari hii huishia hapo, kwa wale 58. Mimi namfikiria yule mmoja. Kidonda chake kilikataa, na baadaye ikagundulika kuwa ni kidonda cha Buruli, ugonjwa wa ukoo mmoja na kifua kikuu na ukoma, uliopewa jina la Buruli ya hapo Uganda. Siku hizi unatibiwa kwa antibayotiki mbili kwa wiki 8. Mgonjwa yule angepakwa asali mwaka mzima, wenzake wote wakipona pembeni yake, na ugonjwa ungeendelea kula chini kwa chini.

Mama yetu ni yupi, wa 58 au yule mmoja? Hapo ndipo ninapopaogopa. Ulisema kiatu kilimchubua bila yeye kusikia chochote, na sukari haijapimwa tangu Ramadhani. Kwa mtu wa kisukari kama mama, mguu usiosikia maumivu huwa ni mguu wenye ganzi ya ugonjwa huo. Pengine na damu haifiki vizuri kule chini. Kwa juu kidonda kinaweza kuonekana kinafunga vizuri huku usaha umeshagusa mfupa. Mwaka 2015 majaribio mengi ya asali yalikusanywa na kupimwa pamoja: majeraha ya moto yasiyokwenda ndani sana yalipona siku 4 hadi 5 mapema kuliko kwa bandeji za kawaida, na vidonda vya operesheni vilivyoingia vijidudu navyo vilifanya vizuri. Kwa miguu ya kisukari ushahidi haukutosha kusema lolote.

Kwa hiyo nakuomba, wiki hii hii mpeleke kliniki ya kisukari. Wapime sukari, washike mapigo ya damu mguuni, wakate nyama iliyokufa, waangalie kina chake. Ukiona kidole kinakuwa cheusi, uvimbe unapanda au homa inaanza, usingoje siku ya kliniki, mpeleke saa hiyo hiyo.

Kibuyu chake cha asali msimnyang'anye. Mwende nacho, mwambieni muuguzi wazi kwamba anatumia asali. Wakishaona kidonda ni cha namna gani, huenda wakaikubali pamoja na matibabu yao. Nyumbani nawa mikono, osha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, pakaza asali kwenye shashi ya kufungia vidonda, ndipo ufunge. Badilisha kila siku, au mara mbili kama inalowa. Asali ya hospitali huuawa vijidudu kwa mionzi ya gama, kwa sababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wabaya. Kwa sababu hiyo hiyo yule kichanga wako asilambishwe asali mpaka atimize mwaka, hata bibi yake akisisitiza.

Roho inaniuma, somo. New Zealand wanauza asali yao ya mti wa manuka ikiwa kwenye mirija safi ya kutibia vidonda, baada ya Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato kuichunguza kwa miaka mingi. Sisi tuna misitu ya miombo ya Sikonge, hapa Tabora, yote hii na mizinga juu ya miti, na mgonjwa wetu anachota kwenye chupa ya soda asiyojua imetoka wapi. Hili nalisema kila ninapopata wa kunisikiliza.

Mama akigoma, mtafute mjomba, yeye humsikia. Mfikishie shikamoo yangu, umwambie kupimwa hakuitukani dawa ya wazazi wake. Mkitoka kliniki niandikie sukari imesoma ngapi na wamekutaje kile kidonda. Kama watasema alazwe, nipigie hata usiku, nitakuja kukaa naye zamu.

Wasalaam,
Somo yako