Shali yako imeshatoka mama

Mama shikamoo. Natumai wote hapo nyumbani hamjambo, mimi huku mzima, baridi tu ndo inanionea. Ile shali imeisha mama, IMEISHA, na nimeshaituma.

Najua uliicheka ile picha ya kwenye simu ukasema mbona kama tambara la kudekia. Haki yako. Shali ya matundu ikiwa bado kwenye sindano inajikunyata tu, hata mimi mfumaji nilikuwa naiangalia naona haya.

Ni ya pembetatu, nilianzia juu shingoni na vitanzi 3 tu, halafu kila mistari miwili vinaongezeka 4, viwili pembeni na viwili hapo katikati mgongoni, sasa piga hesabu, kufika chini nina vitanzi 300 na ushee na mstari mmoja unakula nusu saa nzima. Imegawanyika, kuna sehemu za matuta na sehemu za matundu. Matuta ni rahisi, unafuma mbele na nyuma vilevile bila kufikiria, huko nilikuwa nafuma huku naongea na nyie kwenye simu wala hamjui. Na ndo nilikojimwaga na rangi, njano, chungwa, pinki, kijani, bluu. Ila rangi unabadilisha ukiwa upande wa mbele tu, ukibadilishia nyuma ile rangi ya zamani inachungulia mbele kama vidoti.

Sasa matundu ndo yaliniliza. Tundu unalipata kwa kuzungusha uzi juu ya sindano, halafu vitanzi viwili jirani unavifuma pamoja ili hesabu irudi palepale. Mi nikasahau kuzungusha mara moja, moja tu mama! nikaja kugundua mistari 8 mbele kwamba kitanzi kimoja hakipo na maua yote yanayochorwa na hayo matundu yamehama. Nikafumua, vitanzi vikaporomoka, saa sita usiku nimekaa na uzi mapajani kama nywele. Toka siku hiyo kila nikimaliza safu ya maua napitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote, nikikosea tena nafumua mpaka hapo tu, hakiporomoki kitu.

Kufunga mwisho nilitumia sindano nene zaidi maana ukikaza ukingo shali haitanuki tena. Nikailoweka maji ya uvuguvugu, nikaikamua kwa taulo, nikaivuta na kuipigilia pini juu ya godoro, mwenyewe nikalala chini. Asubuhi matundu yote yamefunguka, imekuwa kubwa mpaka nikacheka peke yangu.

Sasa tafadhali, hao watoto wasije wakaitia kwenye mashine. Ni sufu, maji ya moto na kusugua vinaigandisha inakuwa kama zulia, na hairudi tena. Iloweke na shampuu kidogo, usiisokote, na usiianike kwenye kamba itavutika iwe ndefu kama mkia, itandaze tu juu ya taulo kivulini.

Na kwenye kijani upande wa kulia kuna vidoti viwili vya njano. Niliviona nimeshapita mbali, nguvu ya kufumua sikuwa nayo. Ukijitanda huo upande uwe wa ndani.

Wasalimie wote.
Mwanao