Mama mdogo, nipakulie kidogo

Assalaam alaikum mama mdogo, na shikamoo.

Tangu Idi neno lako halijanitoka. Niliacha ugali kwenye sahani, ukasema taratibu, "Siku hizi chakula chetu cha Ujiji hukiwezi." Wageni walikuwepo, nikanyamaza. Leo nakujibu, tena hadharani, kwa sababu tumbo kama langu wanalo wengi na wanaona haya kulisema.

Chakula chako nakipenda. Migebuka wa kukaanga, dagaa wa mawese, ugali wa muhogo: hivyo ndivyo vilivyonikuza. Kinachoniangusha ni kula kingi kwa mkupuo.

Miaka 2 nilihangaika. Tumbo linajaa gesi, linasokota, nakimbilia chooni kabla hata sijanawa. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikarudishiwa dawa za amiba. Mwishowe daktari mmoja alinipima choo, damu na bakteria wa vidonda vya tumbo, akakuta salama. Akanieleza kwamba utumbo wangu hauna kidonda, ila una hisia kali. Mtu yeyote akila, tumbo likitanuka, utumbo mpana huamka na kujikaza ili usukume kilichotangulia. Wewe msukumo huo huusikii, mimi unanikunja. Mlo ukiwa mkubwa na wenye mafuta mengi, unazidi.

Kwa hiyo hapa Kasulu nakula mara 5. Uji saa 1 asubuhi, ndizi mbivu saa 4, ugali saa 7, kiporo kidogo saa 10, na cha usiku nakimaliza mapema, masaa 2 au 3 kabla ya kulala. Ugali wangu hauzidi ngumi yangu. Ukijumlisha, ni chakula kile kile cha siku nzima, nimekigawa tu.

Ugali wa muhogo una jambo lake. Unateleza, tunaumeza bila kuutafuna, na tumbo huchukua kama dakika 20 kutoa habari kwamba limeshiba. Kwenye sinia, vijana wakishindana matonge, habari hiyo inanifikia nimeshavuka mpaka. Ndiyo sababu niliomba sahani yangu. Najua kwetu anayejitenga na sinia huitwa mchoyo, na niamini, hilo limeniuma kuliko gesi yenyewe.

Mawese usiyaondoe. Kijiko kimoja kwenye bakuli langu kinatosha, maana mafuta hukawiza chakula tumboni.

Maharage nilijifunza mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mboga ikawa maharage, kesho maharage. Yana sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya; inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na gesi inatoka hapo. Nikaanza kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo huondoka nayo. Najua wewe huyapikia maji yale yale ili mchuzi uwe na rangi. Nifanyie hisani, yamwage. Hata hivyo sivuki nusu kikombe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya Idi mwanao wa mwisho alimaliza sahani yake kwa kukuogopa, kisha nikamkuta nyuma ya nyumba amejikunyata, ameshika tumbo. Aliniomba nisikwambie. Nisamehe, mama, nimeshindwa. Mpeleke akapimwe kwanza, usimhukumu kwa tumbo langu. Na kama anapungua uzito, anatoa damu chooni, au maumivu yanamwamsha usiku, msingoje hata siku moja. Yeye bado anakua, kwa hiyo asinyimwe. Mpakulie kidogo, akimaliza mwongeze, akisema basi mwache.

Ijumaa nakuja, baada ya swala. Pika vile vile unavyopika siku zote. Lile bakuli la bati lenye ua jekundu, alilokuwa akilia bibi, nipakulie humo. Kitakachobaki chunguni nifunikie. Saa 10 nitakula tena, nimekaa mkekani hapo hapo karibu yako.