Mdogo wangu, kuhusu usaili wako wa idara ya dharura

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma natoka zamu ya usiku, nikafurahi hadi usingizi ukakata. Kuitwa usaili wa idara ya dharura wakati leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bado inanukia wino si jambo dogo. Nakujibu hadharani kwa sababu najua darasa lenu zima limeomba nafasi hizohizo, na wengi hawana dada wa kumuuliza.

Umeniambia umepata faili la maswali ya usaili kutoka kundi la WhatsApp na unayakariri na majibu yake. Kwa mtihani wa mchujo, sawa, yatakusaidia. Ukishapita hapo ukaitwa kwenye mahojiano, liweke pembeni. Wale watakaokaa mbele yako wana swali moja tu kichwani, hata wakiliuliza kwa namna kumi: tukikuachia mgonjwa dakika tano, daktari yuko kwa mwingine, tutarudi tumkute salama? Kila unachojibu, kijibu kana kwamba wamekuuliza hilo.

Nikupe swali ambalo ningekuuliza mimi. Uko meza ya triaji, pale panapopangwa nani atibiwe kwanza, peke yako. Wanaingia watatu kwa mpigo. Dereva wa bodaboda, mguu umevunjika, anapiga kelele jengo zima linamsikia, na wenzake sita wanakuzonga. Mzee kajishika kifua, anatoka jasho, kakaa mwenyewe kwenye benchi. Mama kabeba mtoto wa miaka miwili kamfunika kanga, mtoto katulia tuli. Unaanza na nani?

Wengi huanza na boda, kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya wenzake. Lakini anayepiga kelele njia yake ya hewa iko wazi na ubongo wake unapata damu. Funua kanga kwanza. Mtoto ambaye hashtuki ukimgusa ndiye nyekundu wako, yaani wa kuhudumiwa papo hapo. Mzee anafuata bila kusubiri foleni, apimwe umeme wa moyo haraka. Boda unampitishia macho kama damu inamwagika, unamwambia mwenzake agandamize pale panapovuja, na unamwahidi dawa ya maumivu, ahadi ambayo lazima uitimize. Wala usiishie kutaja rangi. Jopo linataka kusikia sababu.

Kuhusu rangi zenyewe, ulizia mapema hospitali hiyo inatumia mfumo gani. Wa Afrika Kusini una nyekundu ya papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Wa Shirika la Afya Duniani una rangi tatu tu: nyekundu, njano, kijani. Ukichanganya mifumo hiyo mbele ya jopo utaonekana umesoma bila kuelewa.

Sasa rudi kwa mtoto, maana hawatakuachia hapo. Watakuuliza, "Halafu?" Na watarudia "Halafu?" mpaka uchoke. Hapa ndipo wahitimu wapya wanapopotea: wanakimbilia dawa. Mtu anasema "nampa diazepamu" kabla hajasema kama mtoto anapumua. Fuata herufi zako, A hadi E (njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kufunua mwili), na zitamke kwa sauti. Kwanza unaita msaada, tena kwa kusema: "Nina mtoto amepoteza fahamu, naomba daktari chumba cha wagonjwa mahututi, sasa hivi." Kisha njia ya hewa: kuna matapishi, anakoroma? Upumuaji: unahesabu, unaangalia mbavu zinavyovutwa ndani, mashine ya kidole ya kupima oksijeni inasoma ngapi, oksijeni iwekwe. Mzunguko wa damu: mikono ni ya baridi, ukibonyeza ngozi rangi inachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi? Mshipa unatafutwa. Fahamu: anaitika sauti, anaitika maumivu, au haitiki hata kimoja? Na hapohapo unampima sukari. Sukari, mdogo wangu! Ukisahau kumpima mtoto huyu sukari, mengine yote uliyosema yamefutika. Ikiwa imeshuka ni dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Wa kilo 12 anapata mililita 60. Mwisho unamfunua mwili wote, joto, upele, alama za jeraha, kisha unamfunika tena asipoe.

Ukifika hapo ongeza historia, na uiulize Kiswahili. Mama akikuambia "alikuwa na degedege", muulize ilianza saa ngapi, wamepita wapi kabla ya kuja, na mtoto amenyweshwa nini. Muulize bila kumhukumu, maana akihisi unamsuta atakuficha ile dawa ya miti shamba ambayo daktari anahitaji kuijua. Msailiwa anayekumbuka hilo anaonyesha amewahi kusimama mbele ya mama wa kweli.

Nalisema hili la lugha kwa sababu maswali mengi utaulizwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe yote ni ya Kiswahili. Jizoeze kuisema kesi moja kwa lugha zote mbili. Fanya jikoni unapopika. Mama atadhani umeanza kuongea peke yako. Mwambie ni maagizo yangu.

Dozi za kichwani si nyingi, lakini zile chache zisikutoke. Mzio mkali kwa mtu mzima: adrenalini nusu miligramu, msuli wa paja. Moyo umesimama: kugandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, thelathini kwa pumzi mbili. Mama anavuja damu baada ya kujifungua: oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, huku mkono wako unasugua mji wa mimba. Kifafa cha mimba nakiacha, nitakuuliza mwenyewe.

"Kwa nini umechagua dharura?" Hili linakuja, na jibu la "napenda kusaidia watu" wamelisikia tangu asubuhi. Hata nesi wa kliniki ya macho anapenda kusaidia watu. Wape mgonjwa mmoja wa kwenye mafunzo yako ya vitendo, bila jina lake: ulimpokea vipi, uliona nini, ulimwambia nani, nini kilibadilika. Yule baba wa sumu ya kuulia wadudu uliyenisimulia, aliyekuwa anatoka mate na mboni zimekuwa kama nukta, yule anatosha. Ulivaa glavu kwanza, ukamvua nguo, ukamwosha mwili. Sema hivyo hivyo, kwa utaratibu ule ule.

Ila usijipambe. Kama hujawahi kuweka mpira wa kupumulia, sema umewahi kusaidia kuandaa vifaa, kisha vitaje. Ukidai umeuweka, kuna mzee kwenye jopo atakuuliza saizi, na uso wako utakujibia. Kumbuka idara kamili ya dharura katika hospitali ya umma ni jambo la juzi kwetu Tanzania; ya Muhimbili ilifunguliwa 2010. Baadhi ya watakaokusaili walianza kazi kabla ya hapo, na wanamjua mtu anayebuni.

Watakupa pia mitego ya watu. Daktari ameagiza kwa mdomo dozi unayoona ni kubwa mno: unarudia alichosema kwa sauti, unauliza, na hujavuta dawa kwenye sindano mpaka mmekubaliana, akisisitiza, unamwita kiongozi wa zamu. Majeruhi wa kisu ameletwa bila PF3 na mlinzi anamzuia mlangoni: anatibiwa kwanza, fomu ya polisi itafuata, na unaandika kila jeraha ulivyoliona. Umejichoma sindano: unaosha kwa maji na sabuni, unatoa taarifa, unaanza dawa kinga ya VVU mapema, kabla ya saa 72 kwisha. Hili la mwisho wengi wanajibu vizuri kwenye karatasi, halafu kazini wanaona aibu kutoa taarifa. Sijui aibu ya nini.

Makaratasi. Kama ni kupitia Sekretarieti ya Ajira, lisome tangazo la kuitwa hadi mstari wa mwisho: vyeti halisi, leseni hai, kitambulisho. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Na lile jina lako la kati ambalo cheti cha kidato cha nne kimeliandika kwa herufi tofauti, lishughulikie wiki hii, umuulize wakili ni hati gani inatakiwa. Mtu anaweza kusafiri usiku kucha kutoka Kigoma akarudishwa getini kwa herufi moja.

Wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza muuguzi mpya anakaa na mzoefu kwa muda gani kabla ya kuachiwa zamu ya usiku. Jibu lao lisikilize kwa makini, maana na wewe unawasaili. Mahali wanapokutupa peke yako usiku wa kwanza, hata mshahara ukiwa mzuri, mimi nisingemshauri mtu anayeanza aende.

Jumamosi niko zamu ya mchana. Nipigie baada ya saa mbili usiku, uwe umekula na umetulia. Nitakupa mama mwenye mimba ya wiki 34, ameanguka anarusha viungo sebuleni, presha haijapimwa. Nataka magnesiamu salfeti: gramu ngapi kwenye mshipa, gramu ngapi kila tako, unaangalia nini kabla ya dozi inayofuata, na ni dawa gani inakaa kando ya kitanda kama upumuaji wake ukipungua. Na ukianza na dawa kabla ya kumlaza kwa ubavu, nakata simu.